Pikapu Haiwaki: Ukipiga Stata Inasemaje?

Mara ya kwanza kumpigia fundi wangu simu alfajiri na kumwambia pikapu haiwaki, hakuuliza betri ina umri gani wala stata, ile mota inayozungusha injini, ilifunguliwa lini. Aliuliza, "Inasemaje, bosi?" Nilidhani ananitania. Nilikuwa Makambako, mwezi wa Juni, baridi inakata masikio, magunia ya viazi yamepakiwa tangu jioni, na huyu aliyejifunika blanketi kwake anataka kujua gari linasemaje.

Alikuwa na haki. "Haiwaki" ni neno linalobeba magonjwa yasiyojuana. Kuna pikapu ambayo ukizungusha funguo hupati hata kikohozi. Kuna inayotoa "ta!" moja ikanyamaza. Kuna inayolia "ta-ta-ta-ta" kama cherehani. Kuna inayozunguka kivivu, nguu... nguu... nguu, kama mtoto anayeamshwa kwenda shule. Na kuna inayozunguka vizuri kabisa, kwa nguvu zote, lakini haishiki moto. Kila mlio una ukoo wake wa hitilafu, na anayenunua betri kabla ya kusikiliza anacheza bahati nasibu kwa tiketi ya bei mbaya.

Nitatumia mfano wa Toyota Hilux za dizeli za zamani, zenye injini za 2L, 3L na 5L, kwa kuwa zimejaa barabara zetu na zina mpangilio ambao mtu anaweza kuuelewa akiwa na spana mbili na akili iliyotulia. Mwenye Isuzu, Nissan au Mitsubishi wa kizazi hicho atajikuta humo humo. Za kisasa zenye kompyuta nitazigusa mwishoni.

Uzuri wa dizeli hizi za zamani ni kwamba zinadai umeme mahali patatu tu ili ziwake: kwenye stata, kwenye plagi za hita, na kwenye kijisolenoidi kidogo (kifaa cha sumaku ya umeme) kilichochomekwa kwenye pampu ya nozeli, ile inayosukuma dizeli kwenye injini. Hakuna koili, hakuna plagi za cheche. Zikishawaka, hiyo solenoidi ndiyo pekee inayoendelea kuhitaji umeme. Kwa hiyo kazi ya kuwasha inagawanyika mara mbili kwa mstari ulionyooka. Kwanza injini izungushwe, na hilo ni suala la umeme. Pili kilichomo ndani kiungue, na hilo ni suala la mafuta, hewa na joto. Ukijua umekwama upande upi wa mstari, nusu ya gari umeshaiondoa kwenye orodha ya watuhumiwa.

Taa zinawaka, honi inalia

Sentensi niliyoisikia kuliko zote kwenye stendi ni hii: "Betri haina shida, mbona taa zinawaka na honi inalia?" Inaonekana ni hoja nzito. Ni nyepesi kama pumba, na ukielewa kwa nini, umeelewa sehemu kubwa ya umeme wa gari.

Taa mbili za mbele zenye balbu za wati 55 hunywa takriban ampea 10 kwa pamoja. Stata ya injini ya dizeli ya ukubwa huu, inapoanza kusukuma pistoni, hutaka ampea 200 na zaidi. Sasa chukulia kuna ukoko mweupe kidogo kwenye tamino ya betri, ile klipu ya waya, unaoleta ukinzani wa omu 0.02 tu. Umeme wa taa ukipita hapo unapoteza volti 0.2, na jicho halitaona tofauti. Stata ikidai ampea zake 200 kupitia mlango huo huo, italazimika kuacha volti 4 njiani. Betri yenye volti 12.4 inakuwa kana kwamba ina 8. Ni kama mlango mwembamba wa ukumbi: watu 10 wanapita wakisalimiana, watu 200 wakija kwa pamoja hakuna anayepita.

Ndiyo maana taa kuwaka hakumtoi mtu yeyote hatiani, iwe betri, tamino au waya. Kinachosema kweli ni taa hizo hizo wakati unapiga stata. Washa taa za ndani, piga stata, tazama. Taa zikififia karibu kuzima, stata inaomba umeme na haupati: betri imechoka, kuna kiungo kibovu, au kuna kitu kimekwama kiasi kwamba stata inavuta umeme wote bila kuzunguka. Taa zikibaki zinang'aa kama hakuna kilichotokea, basi umeme haukuombwa kabisa, au uliombwa ukaishia mlangoni mwa stata. Jaribio hili halina gharama na halihitaji kifaa, na bado sijaona watu wengi wakilifanya kabla ya kutoa pochi.

Ukiwa na mita ya umeme, hata ile ya bei ya chini kabisa, pima betri gari likiwa limelala usiku kucha. Betri ya volti 12 ina vyumba sita, kila kimoja kikitoa volti 2.1 hivi kikiwa kimejaa, kwa hiyo nzima iliyojaa husoma karibu 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki na kama nusu. Chini ya 12.0 hiyo imekwisha, ichaji kwanza ndipo uihukumu. Halafu mwambie mtu apige stata huku unasoma. Betri iliyojaa ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, nguvu imeisha hata kama asubuhi ilisoma vizuri. Na kama inajaa vizuri lakini kila siku ya pili imekauka, usiikasirikie: washa injini kwa namna yoyote ile, pima tena. Oltaneta, inayochaji betri injini ikiwaka, ikiwa nzima hutoa kati ya volti 13.8 na 14.4. Ukiona 12.3 na injini inanguruma, betri inatumika bila kulipwa.

Mimi haya yote sikuyajua nilipopata mkasa wangu. Pikapu ilianza kuzunguka kivivu, nikanunua betri mpya. Ikawaka. Nikafurahi siku nne. Siku ya tano ikarudia uvivu wake, na betri ingali na stika ya dukani. Fundi alipokuja alitoa nyaya za kubustia, nami nikamuuliza tutabusti kutoka gari gani. Hakujibu. Alichukua waya mmoja tu, ule mweusi, akabana upande mmoja kwenye hasi ya betri, upande wa pili kwenye chuma kitupu cha bloku ya injini. "Piga." Ikashika kabla sijamaliza kuzungusha funguo.

Umeme wa gari hutoka kwenye chanya, ukafanya kazi, kisha lazima urudi kwenye hasi. Njia ya kwenda kila mtu huikagua, maana ni waya mnene mwekundu unaoonekana. Njia ya kurudi ni bodi, chasisi na injini yenyewe, na injini imekalia mipira, ambayo haipitishi umeme. Kwa hiyo kuna waya au utepe wa shaba unaoifunga injini na hasi ya betri, mara nyingi umejificha chini huko kwenye mafuta na tope. Miezi michache nyuma injini yangu ilikuwa imeteremshwa kwa kazi ya klachi, na aliyeirudisha alikaza boliti ya waya huo, yaani erthi, juu ya rangi na grisi. Ilishika kiasi. Betri mpya ilisukuma kidogo zaidi ya ile ya zamani, ndiyo hizo siku nne.

Ukikosa waya wa kubustia, mita itakuonyesha jambo hilo hilo. Iweke kwenye volti za DC, ncha nyeusi kwenye nguzo yenyewe ya hasi (risasi yenyewe, si tamino), ncha nyekundu kwenye chuma kisafi cha injini, kisha mtu apige stata. Njia ikiwa nzima, mita haitavuka volti 0.5, na 0.2 ndiyo unayoitamani. Rudia upande wa chanya: kutoka nguzo ya betri hadi boliti kubwa ya stata. Popote palipo na namba kubwa ndipo umeme wako unapomwagika. Kama unataka injini izunguke bila kuwaka wakati unapima, chomoa waya wa ile solenoidi ya kwenye pampu. Na usikae kwenye stata zaidi ya sekunde 10 au 15 kwa mfululizo, iache ipoe.

Kuna dalili moja ya erthi mbovu ambayo huwatia watu hofu ya uchawi. Umeme uliokosa njia yake hutafuta nyingine, na mara nyingine hupitia kebo ya eksileta au ya hendibreki. Ukiona kebo ya eksileta inapata moto kila unapopiga stata, au inatoa moshi, acha maombi na katafute erthi ya injini.

Ta moja, ta nyingi, na kimya

Juu ya stata kuna solenoidi, na ina koili mbili. Moja huvuta kwa nguvu, nyingine hushikilia. Ukizungusha funguo, solenoidi huvuta kipande cha chuma ndani, bendeksi (gia ndogo ya stata) inasukumwa ikaingia kwenye meno ya flaiwili (gurudumu zito la injini), na mwisho wa safari hiyo sahani ya shaba inaunganisha vipande viwili vya shaba ambavyo ndivyo lango la zile ampea 200. Kila "ta" unayoisikia ni safari hiyo.

"Ta-ta-ta-ta" ya haraka basi ni hadithi inayojieleza. Solenoidi imevuta, lango limefunguka, stata imenyonya umeme, volti zimeporomoka hadi koili inashindwa kushikilia, sahani inaachia. Mzigo umeondoka, volti zinapanda tena, inavuta tena. Mara nyingi hapo ni betri dhaifu au tamino iliyolegea. Anza kwa kukamata tamino na kuizungusha kwa mkono. Ikicheza, umepata.

"Ta" moja nzito, taa zimebaki zinang'aa, ni nyingine kabisa. Solenoidi imefika mwisho wa safari lakini lango halipitishi kitu. Katika stata za Denso zilizofungwa kwenye injini hizi, vile vipande viwili vya shaba huliwa na cheche kidogo kidogo kila unapowasha, hadi sahani inashuka na haigusi. Dalili yake inajulikana na kila dereva aliyezeeka na Hilux: unapiga mara ya kwanza, "ta"; ya pili, "ta"; ya sita inazunguka kana kwamba haikuwa na neno. Sababu ni kwamba sahani huzunguka kidogo kila inaporudi, ikabahatika siku moja kugusa upande ambao haujaliwa. Baada ya wiki mbili mara sita zinakuwa ishirini.

Hapa ndipo ninapowasihi watu. Vipande hivyo vya shaba vinauzwa peke yake, kwa bei isiyolingana hata kidogo na ya stata. Mwambie fundi umeme afungue kwanza, aangalie vipande na kaboni (zinazopeleka umeme kwenye sehemu ya stata inayozunguka), ndipo mzungumze habari ya stata nyingine. Stata ya "mtumba" inayoletwa kama suluhisho ina vipande vya shaba vilivyoliwa na gari la mtu mwingine.

Na lile nyundo? Dereva anayelala chini akaigonga stata, na gari likawaka, hafanyi kiini macho. Kaboni zikiisha, springi zake hazizikandamizi tena vizuri. Pigo linazisogeza, zinagusa. Ni dalili zaidi kuliko tiba. Gonga taratibu, na jua kwamba siku ya mwisho ya kugonga inakuja, nayo haitachagua mahali pazuri.

Kimya kabisa, taa zinang'aa, hakuna hata "ta": amri haijafika. Watuhumiwa ni swichi ya funguo, fyuzi, rilei, na kwenye baadhi ya magari swichi ya klachi au ya gia kwa yale ya otomatiki. Halafu kuna swichi ya siri. Nimeona gari likivutwa kwa kamba kilomita kadhaa kwa sababu mwenye nalo alifungiwa swichi ya kuzuia wezi chini ya kiti, akaliazimisha kwa shemeji, akasahau kumwambia. Anza na hiyo.

Ili kujua kama amri ndiyo haifiki au stata ndiyo imekufa, mafundi huunganisha boliti kubwa ya chanya kwenye stata na kile kipini kidogo cha solenoidi kwa bisibisi. Ikizunguka, stata ni nzima na tatizo liko juu, kuelekea kwenye funguo. Lakini gia iwe frii kwa hakika, hendibreki juu, na asiwepo mtu mbele ya gari wala chini yake. Dizeli ya zamani ikiwa kwenye gia haina simile. Ikigusa tu inaondoka.

Inazunguka, haishiki

Sasa tumevuka mstari. Stata inazungusha kwa nguvu, na hakuna kinachotokea. Kabla ya kufungua chochote nenda nyuma ya gari, tazama ekzosi wakati mtu anapiga stata. Je, unaona moshi?

Dizeli haiwashwi kwa cheche. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi takriban sehemu moja ya 22 ya ujazo wake, na kwa kubanwa haraka hivyo inapata moto wa zaidi ya digrii 500. Nozeli inanyunyiza dizeli humo na inalipuka yenyewe. Moshi mweupe au wa kijivu wakati wa kupiga stata ni dizeli iliyonyunyizwa ikatoka bila kuungua. Kwa hiyo ukiuona, mafuta yanafika. Kinachokosekana ni joto. Usipouona hata kidogo, mafuta hayafiki. Sijui swali jingine moja kwenye gari linalookoa saa nyingi kiasi hiki.

Tuchukue moshi mweupe kwanza. Katika injini hizi dizeli hunyunyiziwa kwenye kijichumba kilicho kwenye silinda hedi, na kuta zake zikiwa baridi hunyonya joto la hewa iliyobanwa. Ndiyo kazi ya plagi za hita, pini nne zinazowekwa nyekundu kwa umeme sekunde chache kabla ya kupiga stata. Watu wa pwani wanaweza kukaa nazo zimekufa miaka bila kujua. Dar es Salaam asubuhi ni joto la kutosha. Injini inakohoa mara mbili inashika. Pikapu hiyo hiyo ilaze Njombe usiku mmoja wa Julai, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, na asubuhi mwenye nayo atakwambia milima imeiharibu. Milima imefichua tu.

Mtego mmoja uko kwenye dashibodi. Ile taa ya rangi ya njano yenye alama ya springi, inayowaka kisha ikazima, haithibitishi kwamba plagi zimepata moto. Inaendeshwa na kipima muda. Plagi zote nne zinaweza kuwa maiti na taa ikaendelea kuwaka na kuzima kwa adabu. Ukweli unaupata kwa testa ya balbu. Kwanza gusa ule ubapa wa chuma unaounganisha plagi zote, funguo ikiwa "on": balbu ikikataa kuwaka, tafuta rilei au fyuzi. Ikiwaka, zima funguo, fungua ubapa huo, bana waya wa testa kwenye chanya ya betri na gusa kichwa cha kila plagi. Inayowasha balbu ina uhai. Isiyowasha imekatika ndani. Moja ikifa, injini inawaka ikitetemeka na kutoa moshi kwa nusu dakika. Zikifa mbili au tatu, kwa baridi ya huku kwetu hapo hutoki.

Wakati plagi zimekufa ndipo mtu huja na kopo la dawa ya kuwashia, ile yenye etha. Kwenye dizeli yenye plagi za hita hiyo ni hatari. Etha hushika moto kwa joto dogo sana, na ikikutana na plagi nyekundu inalipuka kabla ya wakati wake, pistoni ikiwa bado inapanda. Kuna injini zimevunjika hivyo kwa sababu ya haraka ya dakika tano.

Na kumbuka kwamba joto linategemea kasi. Injini ikizungushwa kivivu, hewa inapata muda wa kupoa kwenye kuta na kupenya kando ya ringi za pistoni. Betri dhaifu inaweza kukupa moshi mweupe na plagi zote ni nzima. Usianze upande wa pili wa mstari kabla ya kuumaliza wa kwanza.

Kama mzunguko ni mzuri, plagi ni nzima, na moshi mweupe bado upo, unaelekea pabaya zaidi: kompresheni (nguvu ya kubana hewa) imeisha, au taimingi (mpangilio wa valvu na pistoni) imeruka. Sikiliza tena mlio. Injini nzima inayozungushwa ina mdundo, inajibana na kuachia. Ukisikia inazunguka nyepesi ghafla, kwa kasi, bila mdundo, kama feni, ondoa mkono kwenye funguo. Injini hizi zinatumia mkanda wa taimingi, unaopaswa kubadilishwa kila kilomita 100,000, na Toyota waliweka hata taa yake kwenye dashibodi. Ukikatika, valvu na pistoni hukutana. Kila stata unayoongeza ni nyundo nyingine.

Kinyume chake ni pikapu iliyopita mtoni, ikazima katikati ya maji, na sasa stata inagonga "ta" na kukwama. Maji hayabanwi. Yakiwa ndani ya silinda, kulazimisha kunakunja konrodi, ule mkono unaoshika pistoni. Usisukume, usivute kwa gari jingine. Plagi za hita zifunguliwe zote, injini izungushwe maji yaruke nje kupitia matundu yake, ndipo mengine yafuate.

Tundu lisilovuja

Hakuna moshi kabisa. Mafuta hayafiki. Ndiyo, angalia geji; nami nimewahi kuaibika.

Kisha ile solenoidi ya kwenye pampu ya nozeli. Kazi yake ni kufungua mlango wa mafuta unapowasha funguo na kuufunga unapozima. Ndivyo dizeli hizi zinavyozimwa. Ikikosa umeme, injini itazungushwa hadi betri iishe bila tone. Weka funguo "on", chomoa waya wake, urudishe. Unapaswa kusikia "tik" ndogo. Usiposikia, pima kama waya una volti 12. Hauna? Fyuzi au waya. Unazo na haipigi? Solenoidi imekufa. Uko porini? Unaweza kuipa umeme moja kwa moja kutoka kwenye chanya ya betri ukafika nyumbani, ila ujue funguo haitazima injini tena. Utauchomoa waya kwa mkono.

Ikilia "tik" na bado hakuna moshi, sogea kwenye filta. Juu yake kuna pampu ya mkono. Ibonyeze mara ishirini, thelathini. Pampu ikiwa na mafuta mbele yake hukaza hadi kidole gumba kinauma. Ikibaki laini, inasukuma hewa.

Na hewa ndiyo mjanja kuliko wote katika hadithi hii. Kutoka tangi hadi pampu ya nozeli, mafuta yanavutwa, hayasukumwi. Mpira wa kupitisha mafuta ukipasuka kidogo upande huo, dizeli haidondoki nje. Hewa ndiyo inaingia ndani. Utalala chini ya gari na tochi ukitafuta tone, na hakuna tone. Kila kitu ni kikavu, na gari haliwaki.

Tundu dogo lina tabia yake. Usiku mafuta hurudi tangini polepole, hewa ikichukua nafasi. Asubuhi unapiga stata hadi unachoka, ikishawaka inashinda siku nzima bila shida. Sasa tazama balaa: plagi za hita zilizokufa nazo hufanya hivyo hivyo, asubuhi ngumu, mchana mzuri. Watu wengi wamenunua plagi nne kwa ajili ya mpira wa nusu mita. Moshi utakutenganishia, na kuna hila mbili zaidi. Asubuhi, kabla ya kugusa stata, bonyeza pampu ya mkono hadi ikaze. Ikiwaka mara moja, plagi hazina kesi. Au jioni egesha pikapu pua ikitazama mteremko: tangi liko nyuma, litakuwa juu ya injini, na mafuta hayatarudi. Asubuhi ikiwaka vizuri mteremkoni na kugoma kwenye tambarare, una hewa.

Kujua inaingilia wapi, chukua dumu la lita 5 lenye dizeli safi, liinue juu kidogo ya injini, na peleka mpira wake moja kwa moja hadi mlango wa pampu ya nozeli. Ikiwaka na kutulia, pampu ni nzima na ubaya uko nyuma: filta, mpira, klipu, au bomba la chuma lililoliwa na kutu pale linapopita kwenye chasisi. Rudisha njia yake kipande kwa kipande hadi igome tena. Kabla ya yote hayo fungua kikombe cha maji chini ya filta. Kama kinachotoka ni maji kwanza, ulikopakia mafuta mara ya mwisho pana maelezo ya kutoa.

Baada ya hewa kuingia hadi kwenye nozeli, pampu ya mkono peke yake haitoshi. Legeza nati za mabomba ya nozeli nusu mzunguko, piga stata hadi dizeli iteme bila povu, kaza. Hili fanya kwenye dizeli za zamani tu, na usiweke mkono mbele ya mafuta yanayoruka, yanapenya ngozi.

Kwa zile za kisasa, Hilux za D-4D zenye injini za 2KD na 1KD, hilo ni marufuku. Humo mafuta hukaa kwenye bomba moja la pamoja kwa shinikizo linaloweza kuvuka baa 1,000, na kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini. Mstari wetu bado upo: izunguke, halafu iungue. Lakini upande wa pili una sharti jipya. Shinikizo lisipofika kiwango, kompyuta hairuhusu nozeli kufunguka, na utaona injini inazunguka vizuri bila moshi ingawa tangi limejaa. Inaweza kuwa filta iliyoziba, hewa ile ile, valvu ya kudhibiti pampu, au nozeli zilizochoka zinazorudisha mafuta tangini kabla shinikizo halijapanda. Na kuna taa ya funguo kwenye dashibodi: ikimweka wakati funguo iko ndani, gari halijamtambua mwenye nalo, na utapima mafuta hadi jioni. Hapo mashine ya kusoma kompyuta ina thamani kuliko spana.

Juni iliyofuata iligoma tena, alfajiri ile ile ya viazi. Safari hii nilimtumia fundi ujumbe badala ya kumpigia: "Shikamoo fundi. Inazunguka kwa nguvu, taa hazififii. Ekzosi haina moshi. Solenoidi inapiga tik. Pampu ya mkono laini, haikazi. Jana iliwaka kwa shida, mchana nzuri."

Jibu lilikuja kabla sijafunga boneti. "Marahaba. Mpira."